Mtindi uliogoma kuganda, kisha ukavimba: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha wasindikaji wadogo

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanawake wanaosindika maziwa katika wilaya moja ya nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania. Majina ya kikundi, kijiji, shule na watu yameondolewa, na mambo machache ambayo yangewatambulisha yamebadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya wasindikaji wadogo, maafisa ugani na walimu wanaofundisha habari za vijidudu na uhifadhi wa chakula. Ndani ya msimu mmoja wa masika kikundi kilipata matatizo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza maziwa yalikataa kuganda, na baadaye mtindi uliokwisha kuganda ulianza kuvimba ndani ya paketi. Wanakikundi waliyatibu kama matatizo mawili, kila moja kwa dawa yake. Ilichukua muda kugundua kwamba sehemu kubwa ya yote mawili ilitoka kwenye sindano moja ya ng'ombe.

Kikundi na kazi yake

Kikundi kilikuwa kikipokea karibu lita 150 za maziwa kwa siku kutoka kwa wafugaji wadogo wa jirani, wengi wao wenye ng'ombe 1 au 2 wa kufungiwa bandani. Maziwa yaliletwa asubuhi kwa keni na galoni, mengi yakibebwa na watoto kabla ya kwenda shule. Mapokezi yalikuwa na vipimo viwili. Laktomita ilionyesha kama maziwa yametiwa maji. Kipimo cha alkoholi, ambapo maziwa kidogo huchanganywa na kiasi sawa cha spiriti, kilionyesha kama yameanza kuchachuka. Kwa kikundi cha kijijini huo ni utaratibu mzuri, na nimeona vituo vikubwa kuliko hicho visivyo nao.

Maziwa yalipashwa moto kwenye sufuria kubwa hadi yakaribie kuchemka. Yalipozwa kwa kutumbukiza sufuria kwenye karai la maji, yakahamishiwa kwenye ndoo za plastiki na kutiwa mbegu, kisha yakafunikwa blanketi ndani ya boksi la mbao hadi yagande. Mbegu ilianzia kwenye unga wa bakteria ulionunuliwa mjini. Lakini pakiti ya unga ni ghali na mji uko mbali, kwa hiyo kwa miezi mingi walikuwa wakichota mtindi wa jana kuanzishia wa leo. Baadhi ya mtindi walichanganya na juisi nzito ya pasheni iliyotiwa sukari. Wateja wao walikuwa migahawa ya barabarani, maduka, na shule moja ya msingi iliyonunua paketi kwa ajili ya watoto wa madarasa ya chini.

Mambo yalivyokwenda

Masika yalipoanza, ndoo tatu za siku moja hazikuganda. Kwa kawaida, kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45, mtindi wao ulikuwa tayari ndani ya saa 4 hadi 6. Siku hiyo, baada ya saa 8, maziwa yalikuwa bado mepesi, yenye utamu wake uleule. Siku mbili baadaye ikajirudia.

Mwenyekiti aliamua kwamba mbegu imechoka. Hakukosa sababu, kwa kuwa mbegu inayorithishwa siku hadi siku hudhoofika kweli. Lakini badala ya kununua mpya, waliongeza ile ya zamani mara mbili na kuziacha ndoo zilale usiku kucha karibu na jiko. Asubuhi maziwa yalikuwa yameganda kwa kulegea, maji ya kijani hafifu yamejitenga juu, na harufu si ile waliyoizoea. Walijadiliana. Mmoja alipinga, lakini oda ya shule ilikuwa inasubiriwa na gari lilikuwa mlangoni. Wakakoroga, wakafunga, wakauza.

Kesho yake mwenye duka mmoja alipiga simu kusema paketi zimejaa hewa na mbili zimepasuka. Juma hilohilo mwalimu wa shule akaripoti kwamba watoto kadhaa wa darasa moja wanaharisha. Bwana afya alifika, akauliza maswali ya maana, na akaomba sampuli ya mtindi wa siku ile. Haikuwepo. Kwa hiyo hadi leo hakuna anayeweza kusema kwamba ni mtindi uliowaumiza watoto wale, wala hakuna anayeweza kusema kwamba sio. Shule ikasitisha oda.

Walipoongeza moto

Uamuzi uliofuata ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi, na ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu unafanywa kwa nia njema na kwa jasho jingi. Kikundi kiliamua kuchemsha zaidi. Kama kuna vijidudu, walisema, basi moto haujatosha. Wakachemsha maziwa kwa nusu saa nzima yakitokota, kuni zikaisha upesi na mtindi ukapata ladha ya kuungua. Paketi ziliendelea kuvimba.

Hapo ndipo jibu lilipokuwa limelala. Koliformi, yaani jamii ya bakteria wa utumbo na mazingira machafu ambamo E. coli yumo, hawastahimili moto mkubwa. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, huwamaliza. Ndiyo maana viwango hivyo vinatumika duniani kote kusalimisha maziwa, na ni vilevile vinavyoondoa vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na brusela. Kwa mtindi tunapanda hadi nyuzi 85 au 90, ili protini za maziwa zishikane na mtindi uwe mzito. Ukiona gesi ya koliformi kwenye maziwa yaliyofika huko, usiulize habari za moto. Uliza nini kiliyagusa maziwa baada ya moto.

Maziwa yaliyochemshwa ni kama shamba lililolimwa na kupaliliwa: ardhi ni tupu, ina rutuba, na chochote kitakachoangukia hapo kwanza ndicho kitakachoota. Usipopanda wewe, magugu yatapanda yenyewe. Kuchemsha nusu saa zaidi ni kulipalilia tena shamba lilelile huku mbegu ya magugu ikiwa kwenye ndoo inayosubiri pembeni.

Na ndoo zilikuwa zinasubiri. Plastiki yake ilikuwa imechunwa na miaka ya kusuguliwa kwa brashi ya waya, na ndani ya mikwaruzo hiyo mafuta ya maziwa hujenga utando ambao sabuni haiufikii. Karai la kupozea lilijazwa maji ya kisima yaliyotumika siku nzima bila kubadilishwa, nayo yalifika hadi ukingoni mwa sufuria iliyoachwa wazi. Kila sufuria ilipotikisika, matone yaliruka ndani.

Hata hivyo karai na ndoo vilikuwa hivyohivyo mwaka mzima, na mtindi ulikuwa hauvimbi. Swali la kisa hiki ni kwa nini uchafu uliovumilika kiangazi ukawa janga masika.

Glasi kwenye beseni

Mtaalamu wa maziwa aliyealikwa na kikundi hakuanza na usafi. Alianza na maziwa yaliyokataa kuganda. Aliomba sampuli ndogo ya kila mfugaji kabla ya kuchanganywa. Kila sampuli ilichemshwa peke yake, ikapozwa hadi nyuzi 43, ikamiminwa kwenye glasi yenye alama na kutiwa mbegu mpya kutoka pakiti isiyowahi kufunguliwa. Glasi zote zikawekwa pamoja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maji ya moto yakiongezwa kila yalipoanza kupoa. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Maziwa ndiyo yanayojieleza.

Baada ya saa 4 glasi zote zilikuwa zimeganda, isipokuwa mbili. Moja ilikuwa nyepesi kama maji ya mchele. Nyingine iliganda, lakini kwa kuchelewa.

Katibu wa kikundi, binti wa miaka ya ishirini na kitu, ndiye aliyetumwa kwa mwenye glasi ya kwanza. Alimsalimu, akakaa, akauliza hali ya mifugo kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

"Baba, kuna ng'ombe wako aliyeugua karibuni?"

"Yupo, mwanangu. Kiwele kilivimba upande mmoja. Daktari akamtia dawa."

"Na maziwa yake?"

"Chuchu iliyougua namwaga chini kila siku, sijawahi kuleta hata tone. Hizo tatu ni nzima kabisa."

Mzee alisema kweli na alitenda kwa uaminifu. Asichojua ni kwamba dawa inayoingizwa kwenye robo moja ya kiwele hufyonzwa na damu na kutokea kwenye robo zote. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa humwagwa yote, ya chuchu zote nne, kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Kwa dawa nyingi za jamii ya penisilini muda huo huwa siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Mwenye glasi ya pili alikuwa jirani yake. Watoto wa nyumba hizo mbili walibeba maziwa pamoja, na galoni moja isipojaa walijaziana.

Laktomita haiwezi kuona penisilini, wala kipimo cha alkoholi hakiwezi. Kuchemsha nako huiondoa kwa sehemu ndogo tu. Maziwa yalipita vipimo vyote vya mapokezi yakiwa na kitu ambacho mtindi hauwezi kukivumilia.

Penisilini ilivyowapa nafasi maadui

Mtindi wa aina hii hutengenezwa hasa na bakteria wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Hufanya kazi kwa kusaidiana: mmoja huanza mbio na kutengeneza mazingira yanayomfaa mwenzake, na mwenzake huvunja protini na kumlisha wa kwanza. Wakila sukari ya maziwa hutoa asidi ya laktiki. Maziwa mabichi yana pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) ya karibu 6.7, na asidi ikiyashusha hadi karibu 4.6 protini iitwayo kaseini huganda. Mgando huo ndio tunaouona. Kazi kubwa zaidi ni ile tusiyoiona: asidi hiyohiyo inawazuia bakteria wengi wa magonjwa wasiendelee kuzaliana. Kinachoyahifadhi maziwa hapa ni kiumbe hai na uchachu wake, na moto ulikuja mapema tu kumsafishia njia.

Streptococcus thermophilus ni dhaifu mno mbele ya penisilini, kiasi kwamba chembe ndogo sana ya dawa humsimamisha. E. coli na ndugu zake hawaguswi sana na penisilini ya kawaida, kwa sababu ukuta wao umejengwa tofauti. Kwa hiyo maziwa ya mzee, yakichanganywa na ya wenzake, yaliwalaza bakteria wema na kuwaacha wabaya macho, kwenye joto linalowafaa na chakula cha kutosha.

Katika hali nzuri kabisa E. coli hujigawa kila dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa saa 7 bila kizuizi anaweza kuwa zaidi ya milioni 2. Kiangazi koliformi waliodondoka kutoka kwenye karai walikuwa na saa moja au mbili tu kabla asidi haijawabana. Masika, mbegu ikiwa imelazwa na dawa, walipewa usiku kucha karibu na jiko. Wakala sukari ya maziwa, wakatoa gesi, nayo ikajaza paketi.

Hapa uamuzi wa kuongeza mbegu mara mbili unaonekana katika mwanga mwingine. Mbegu yenyewe ilikuwa mtindi wa jana, na jana ilikuwa imekwisha kupata koliformi. Kila walipoongeza mbegu dhaifu, waliongeza pia adui mwenye nguvu.

Uamuzi juu ya mzee

Jambo hili ningependa lisomwe kwa makini kuliko mengine yote, maana ndilo linaloamua kama mengine yatadumu.

Katika kikao wengi walitaka mzee aondolewe. Hasira ilikuwa ya haki: shule imepotea, fedha zimepotea, jina limechafuka. Mwenyekiti aliwaacha waseme hadi wakamaliza. Kisha akauliza ni nani kati yao mwenye ng'ombe mmoja angemwaga maziwa yote ya siku 4 au 5 bila kulipwa, na ada ya mtoto inadaiwa. Hakuna aliyejibu.

Walikubaliana mambo mawili. Mfugaji atakayetoa taarifa ya sindano siku hiyohiyo atalipwa nusu ya bei ya maziwa anayoyamwaga, kutoka mfuko mdogo unaochangiwa na wote kwa kila lita. Atakayeficha, na glasi ikamfichua, atasimamishwa mwezi mzima. Mtaalamu alipendekeza adhabu peke yake. Mwenyekiti alikataa, na naamini alikuwa sahihi. Adhabu bila fidia humfundisha mtu kuficha vizuri zaidi. Tena glasi haziwezi kupimwa kila siku kwa kila mfugaji. Kinga halisi ni mtu kusema mwenyewe.

Mzee alibaki. Ndiye sasa anayewaeleza wafugaji wapya habari ya chuchu nne, na husikilizwa kuliko mtaalamu yeyote.

Mabadiliko mengine yalikuja kwa pamoja. Ndoo zilizokwaruzika zilitolewa, zikanunuliwa keni mbili za chuma kisichoshika kutu. Vyombo vikaanza kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni kwanza, na ndipo vikasuuzwa kwa maji yenye klorini: vijiko 4 vya chakula vya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 katika lita 10 za maji. Awali walikuwa wakimwaga klorini juu ya chombo chenye mabaki ya maziwa, na hapo nguvu yake huishia kwenye mabaki. Sufuria sasa hupozwa ikiwa na mfuniko, na maji ya karai hayapandi kupita nusu yake. Mbegu hununuliwa mpya na kurithishwa mara chache tu. Mbegu mama, yaani ile ya kwanza kutoka pakitini, hugandishwa kwenye friza kwa mafungu madogo siku ileile pakiti inapofunguliwa.

Kanuni mpya iliyowauma zaidi ni hii: ndoo ambayo baada ya saa 6 karatasi ya pH haijaonyesha 4.6 au chini yake, haiuzwi. Kwa kikundi kinachohesabu kila lita hiyo ni kanuni nzito. Lakini mgando uliochelewa ni habari, na kuusubiri hadi asubuhi ni kuifuta habari hiyo.

Uvimbe wa pili

Kwa wiki kadhaa mambo yalitulia. Halafu malalamiko yakarudi, safari hii kutoka kwa wenye maduka tu, na kwa mtindi wa pasheni tu. Paketi zilikuwa nzuri siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikaanza kuvimba kuanzia siku ya 6.

Katibu, ambaye sasa alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari, ndiye aliyeona tofauti ya siku. Hilo daftari lina thamani kuliko keni zote mbili. Uvimbe wa koliformi huja mapema, kabla asidi haijakolea. Uvimbe unaokuja baada ya siku nyingi, kwenye mtindi mkali uliokaa friji, huwa kazi ya chachu, yaani ndugu wa hamira ya mandazi. Chachu haziogopi asidi wala hazikatishwi tamaa na ubaridi wa friji, na hupenda sukari. Hutoa gesi na kileo kidogo, ndiyo maana paketi ikifunguliwa hunuka kama togwa iliyokaa sana.

Juisi ya pasheni ilikuwa inakamuliwa mbichi na kuchanganywa na mtindi uliokwisha kuganda. Ganda la tunda lolote lina chachu za porini. Waliokuwa wakiwabana koliformi kwa bidii walikuwa wanawakaribisha chachu kwa mlango mwingine, pamoja na sukari ya kuwalisha. Sampuli iliyopelekwa maabara ilithibitisha: koliformi hawakuonekana, chachu walikuwa wengi.

Mwanakikundi mmoja alileta wazo la kuongeza dawa ya kuhifadhi chakula, aliyoisikia sokoni. Zipo dawa zinazoruhusiwa kisheria kwa vipimo maalumu, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Kikundi kiliamua kutoitumia kwanza, kwa sababu dawa hiyo ingeficha chanzo huku juisi ikiendelea kuwa chafu, na hawakuwa na mizani ya kupima gramu chache kwa uhakika. Badala yake juisi ikaanza kuchemshwa na sukari yake, ikafunikwa ikiwa ya moto na kupozwa bila kufunguliwa. Nakubaliana na mpangilio huo: ondoa chanzo kwanza, ndipo uone kama dawa bado ina kazi.

Matokeo

Maziwa hayajagoma kuganda tena, ukiacha mara moja ambapo glasi ziliwafikisha kwa mfugaji mgeni kabla ya saa sita mchana. Uvimbe wa siku ya pili umekwisha. Uvimbe wa pasheni umepungua sana lakini haujaisha, na hurudi kila umeme unapokatika kwa saa nyingi kwenye maduka. Wafugaji kadhaa wametoa taarifa ya sindano kwa hiari yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya mfuko kuanzishwa. Gharama zimepanda, bei ya paketi imepanda, na baadhi ya wateja wamehamia kwa wengine. Shule haijarudi.

Uchambuzi

Kilichosaidia kwanza ni kuuliza swali kwa maziwa yenyewe. Glasi kwenye beseni ziligharimu pakiti moja ya mbegu na mchana mmoja, zikatoa jibu ambalo majuma ya kuchemsha hayakulitoa. Kikundi chochote kinachopokea maziwa ya watu wengi kinaweza kulifanya hili, na ningeshauri lifanywe kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote mtindi ukigoma.

Kilichoshindwa vibaya ni uamuzi wa kuuza ndoo iliyolala. Kasoro ilikuwa imeonekana kwa macho na pua: mgando legevu, maji yaliyojitenga, harufu ngeni. Mtu mmoja alisema, akapitwa. Kukosekana kwa sampuli nako kulikuwa na gharama kubwa. Paketi moja ya kila siku, ikihifadhiwa kwenye friji hadi muda wa kuuzwa uishe, ingewapa watoto wale na wazazi wao jibu, na ingekipa kikundi ama lawama ya haki au utetezi wa haki. Walikosa vyote viwili. Sasa wanahifadhi.

Imani kwamba moto huua kila kitu nayo ihojiwe, hata kama katika kisa hiki haikuleta madhara yake mabaya zaidi. Masika barabara huharibika na maziwa hufika yamekaa saa nyingi kwenye joto. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye ngozi zetu, puani, na kwenye viwele vinavyougua, akipata muda huo hutoa sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Bakteria hufa, sumu hubaki. Japani mwaka 2000 zaidi ya watu 13,000 waliugua kwa maziwa ya kiwanda kikubwa. Umeme ulikatika katika hatua ya kutengeneza maziwa ya unga, maziwa yakakaa na joto, na sumu ikapita salama kwenye mitambo yote ya moto iliyofuata. Kiwanda kile kilikuwa na kila chombo ambacho kikundi chetu hakina. Kwa hiyo saa ya kukamua na saa ya kupokea zinastahili safu yake kwenye daftari, na maziwa yaliyochelewa mno yanastahili kukataliwa hata yakipita kipimo cha alkoholi.

Mwanakikundi mzee kuliko wote aliuliza jambo ambalo halikupewa jibu zuri kikaoni. "Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto wala pakiti ya mbegu, na vibuyu vyao havikuvimba." Ni hoja nzito. Kibuyu cha maziwa kilichotumika miaka mingi hubeba ndani ya kuta zake jamii kubwa ya bakteria wa asidi waliokwisha kuzoeana, na maziwa mapya yakiingia hukuta jeshi kamili linalosubiri. Wamaasai hukifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti kama mzeituni wa porini, na Wakalenjin kule Kenya hukisugua kwa mkaa wa mti maalumu wanapotengeneza mursik, maziwa yao ya mgando. Moshi na mkaa huo hupunguza vijidudu visivyotakiwa. Maziwa yalikuwa machache, ya ng'ombe wa nyumbani, hayajachanganywa na ya wafugaji wengi, na penisilini haikuwepo bandani. Mbegu ya kurithishana ilifaa katika mazingira yale. Ikihamishiwa kwenye ndoo ya plastiki, maziwa ya nyumba nyingi na paketi inayosafiri kwa basi, kinga zake zote zimeachwa nyuma na limebaki jina tu. Tena si kweli kwamba hakuna aliyeugua. Brusela imewatesa wafugaji vizazi kwa vizazi kwa homa zisizoisha na maumivu ya viungo, na maziwa yasiyochemshwa ni mojawapo ya njia zake kuu.

Mtaalamu naye alikuwa na pengo lake. Alipoona koliformi wamekwisha aliridhika, hakuikagua juisi. Kila kinachoongezwa baada ya moto, iwe mbegu, sukari, tunda, rangi au hata mwiko wa kukorogea, kinapaswa kuorodheshwa siku ya kwanza na kuulizwa kilikotoka. Orodha hiyo ingeokoa wiki kadhaa za paketi za pasheni.

Linalosubiri uamuzi ni maduka. Kikundi kinafikiria kufupisha muda wa kuuza mtindi wa pasheni hadi siku 5, na kuchukua tena paketi zilizobaki kila umeme unapokatika usiku kucha. Wenye maduka wanataka hasara hiyo igawanywe nusu kwa nusu. Mwenyekiti ameomba hesabu za miezi mitatu kutoka kwenye daftari la katibu kabla ya kuwajibu.